Filimbi ya Kukusanyika

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua linatokea upande wa Ziwa Albert, kwamba vijana saba wa patruli ya Swala, kikosi kimoja cha kundi letu la skauti, wanaishi Canada. Niliamini kwamba ndege nyeupe ilitua uwanja wa Bunia siku ya mvua, mlango ukafunguka, akashuka Mzungu mrefu mwenye fulari ya skauti shingoni, akanyoosha mkono wa kushoto kama sisi skauti tunavyosalimiana, na kusema kwamba skauti wa dunia nzima ni ndugu, basi amekuja kuchukua ndugu zake. Niliamini kwamba Swala wote saba walipanda ngazi kwa mstari, mdogo mbele, mkubwa nyuma, na kwamba sasa wana theluji mpaka magotini na wake wanene. Mmoja wao, Uzima, alikuwa polisi wa kupanda farasi. Farasi, nakiri, nilimuongeza mimi. Habari hii niliisimulia kwenye arusi, kwenye ubatizo, juu ya mizigo ya kamio, lile lori la Mahagi, mbele ya mapadri watatu na askofu mmoja, na kila mara farasi alizidi kunenepa. Usinicheke haraka. Mimi ni mtu mwenye diploma. Ni kweli niliipata katika shule ya jioni, upara umeshafika kisogoni, nimebanana dawati moja na mtoto wa dada yangu, lakini mhuri wake ni ule ule wa Serikali.

Mwezi uliopita Fidele alikufa. Alikufa kitandani, miguu imefunikwa blanketi, daktari pembeni, uji wa moto kwenye kikombe. Nataja vitu hivi kimoja kimoja kwa sababu kila kimoja kinanichoma. Familia yake waliniomba nitoe ushuhuda kwenye matanga, maana tuliendesha pamoja kundi la skauti zamani, na maana mji mzima ulijua kwamba hakuna anayemsifu Fidele kama mimi. Si ndiye aliyewapandisha Swala kwenye ile ndege? Niliandika kurasa nne. Haya nayaandika nyuma ya kurasa zile zile, kwa kuwa upande wa mbele hautasomwa tena na mtu yeyote. Nilifika matangani nimevaa fulari yangu ya zamani, nikatazama viti vya plastiki mstari kwa mstari, na hapo hapo damu ikanipanda kichwani: hakuna mama hata mmoja kati ya wale mama saba wa Swala aliyekuja. Saba! Mtu amewapa watoto wenu Canada, mnashindwa kumpa nusu saa ya kukaa? Nikatoa kalamu, nikaongeza mstari mkali chini ya ukurasa wa nne, wa kuwaaibisha kwa majina. Hasira ile ilikuwa ya haki kabisa. Niliipeleka tu kwenye mlango usio wake, basi.

Mwaka ule wa vita nilikuwa na miaka ishirini na mitano na soksi mbili zisizofanana. Tulikuwa watatu tulioendesha kundi la mtaa wetu, na hakuna aliyetulipa hata ndizi. Mimi, Kasereka, ambaye Riziki aliniita Kase, nilikuwa shefu wa kundi. Fidele alikuwa msaidizi wa kwanza, kijana mrefu, mwimbaji, suruali yake imepigwa pasi hata siku ambazo mji mzima ulikosa makala, yale makaa ya kutia kwenye pasi. Riziki alikuwa msaidizi wa pili, fundi wa kushona, msichana aliyeweza kufunga fundo lolote la kamba mikono yake ikiwa mgongoni, huku anakutukana. Chumba chetu, tulichokiita lokali, kilikuwa nyuma ya kanisa: mabati juu, udongo chini, dirisha moja lisilo na kioo. Ndani mlikuwa na kamba, bendera tatu za patruli, Swala, Tai na Tembo, machela mbili tulizotengeneza kwa miti na mashati, na sufuria ambayo, nasema ukweli mtupu, ungeweza kumbatiza ndani yake yule askofu pamoja na kofia yake. Vijana walikuwa wa pande zote mbili za vita. Sitaandika makabila yao. Swali hilo waliulizwa kwenye kila kizuizi cha barabara mwaka mzima, na watu wakubwa kwa wadogo walikufa kwa kulijibu. Sitalijibu tena kwa niaba yao kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Kabla ya vita tulifundisha mafundo na nyimbo. Mwaka ule tulibeba maji. Uwanja wa kanisa ulijaa wakimbizi wa Djugu, watu waliofika na kuku mmoja, au na cherehani isiyo na sindano. Muzee mmoja kutoka Fataki alifika na mlango wa nyumba yake kichwani. Aliung'oa kabla nyumba haijachomwa, akasema nyumba inaweza kujengwa tena lakini mbao kama zile hazipatikani tena. Vijana wetu walimjengea kibanda cha turubai na kumfungia mlango wake kwa kamba, na kila asubuhi aliufungua na ufunguo, akatoka, akaufunga, ingawa pembeni palikuwa wazi kiasi cha mtu kupita na ng'ombe. Walicheka watoto wale! Saa sita Riziki aliwapakulia bugali ya muhogo na maharagi, akipiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, na maharagi yale yangeweza kuamsha wafu wa hapa mpaka Uganda. Nikiandika sasa nasikia harufu yake, na ninakasirika nayo pia, kwa sababu wale waliokula hawana kaburi mjini hapa ambalo ningeweza kupeleka hata ua.

Fahari yangu yote ilikuwa filimbi. Ilikuwa ya chuma, imetoka kwa padri wa zamani, na ndiyo filimbi pekee tuliyokuwa nayo. Siku moja niliidondosha kwenye jiwe, ikapata bonde dogo ubavuni, na tangu hapo sauti yake ikawa na mafua. Hakukuwa na filimbi nyingine Bunia nzima iliyolia vile. Nilipuliza mara tatu fupi na moja ndefu. Hiyo ilikuwa amri ya kukusanyika. Aliyeisikia alikuja mbio, hata kama tonge liko mdomoni, hata kama amepakwa sabuni, na wa mwisho aliosha sufuria. Swala hawakuosha sufuria hata siku moja. Nilisimama mlangoni nikihesabu, na kabla sijafika mia moja walikuwa mbele yangu, saba, fulari shingoni, kisigino kwa kisigino, Uzima mbele akihema kama mbwa. Nilijivuna kama jenerali. Ni nani mwingine, niliwauliza Fidele na Riziki, mwenye watoto wanaotii namna hii? Fidele aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeangalia ng'ombe sokoni. Nililiona jicho lile. Nilidhani ni wivu.

Halafu wale wenye bunduki walioushika mji wakaanza kukusanya watoto. Waliwaita kadogo, wakawapa sare za kukunjwa mikono mara tatu na bunduki ndefu kuliko wao. Mama wakawaficha wana wao chini ya vitanda, juu ya dari, ndani ya mapipa ya nafaka. Nikawaita mama wa vijana waje kwenye lokali, wakakaa juu ya matofali, nami nikasimama mbele yao kama waziri.

"Wamama, musikilize. Watoto wakae ndani. Asiwatoe mutu, hata akija na barua ya Papa. Lakini mukisikia hii..." Nikapuliza, tatu fupi, moja ndefu. "Mukisikia hii, muwaachilie. Ni kusema njia iko salama, iko kazi ao iko chakula."

Mama Neema aliinua mkono. Alikuwa mama yake Uzima, muuza makala, mikono yake nyeusi mpaka kwenye viwiko. "Na kama mwenye kupuliza si weye?"

"Mama, hii filimbi itatoka ku shingo yangu siku ninakufa."

"Shefu, siku hizi watu wanakufa."

Mama wote walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kisha wakaapa mmoja baada ya mwingine kwamba filimbi ya mafua ikilia, watafungua mlango. Niliwaapisha mimi. Nataka hilo lisomeke vizuri, kwa hiyo narudia: hakuna aliyewadanganya mama wale siku ile ila mimi, na nilifanya hivyo kwa moyo mweupe na kwa sauti ya kupendeza.

Wiki ileile Riziki alinikuta nakula ndani ya lokali, akasimama juu yangu bila kuketi. Alikuwa ametoka kuosha vyombo nyuma ya parokia.

"Nimesikia Fidele kule kwa choo," alisema. "Iko na wanaume wawili wa mabuti mapya. Mumoja anauliza, wako wangapi? Fidele anasema, wanajua kutembea mu mustari, wanajua kutii, mutapunguza kazi ya miezi tatu. Kase, ni watoto wetu alikuwa anasema."

"Alikuwa anatuombea muchele."

"Watu wa mabuti mapya wanaletaka muchele?"

"Weye unamuchukia Fidele tangu alikukatalia kuongoza wimbo ku Noeli."

"Wimbo!" Alichukua sahani yangu, bado ina maharagi, akaenda nayo. "Kula wimbo basi."

Nilimcheka. Nilimsimulia Fidele mwenyewe jioni ile, kama kichekesho, naye alicheka vizuri sana, akanipiga mgongoni, akasema, "Riziki ni dada yetu, tumusamehe." Miaka yote hii nimekumbuka kicheko kile kama dalili ya roho nzuri. Ningepewa leo jiwe na dirisha la gari lake, nisingekosa.

Mpango wangu ulikuwa huu: mjomba wangu alikuwa na depo, ghala la bidhaa, Ariwara, kule kwenye soko kubwa karibu na mpaka, na kama angekubali, tungehamisha vijana wote kwa makundi madogo, tukisema ni wachukuzi wa mizigo. Ilibidi niende mwenyewe kumsihi. Asubuhi ya safari tulisimama mbele ya bendera, sisi watatu na vijana wachache waliokaa karibu. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba shefu akisafiri, filimbi inavuliwa mbele ya kundi na kukabidhiwa msaidizi wa kwanza kwa mkono wa kushoto. Niliivua. Riziki akatoka kwenye mstari, jambo ambalo halifanywi.

"Niachie miye."

"Weye ni wa pili."

"Basi uende nayo. Iende na weye Ariwara. Watoto watabaki kimya mpaka unarudia. Kase, nani anakudai filimbi?"

Alikuwa amenipa njia rahisi kuliko zote, isiyomuudhi mtu, isiyohitaji hata akili. Ningeirudisha tu shingoni na kupanda kamio. Lakini vijana walikuwa wananitazama, na Fidele alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wake wa kushoto, msafi, kucha zimekatwa. "Kundi bila filimbi si kundi," nikasema, kwa ile sauti ya waziri. Nikampa. Aliibusu kidogo, nakumbuka, kama padri anavyobusu msalaba. Riziki alirudi kwenye mstari akatazama ardhi.

Ariwara nilikaa siku kumi na tisa. Barabara ilifungwa nyuma yangu, na mjomba wangu, mfanyabiashara ambaye hajapata kukubali kitu kabla ya kukikataa mara tano, alinilazimisha kumsihi kila siku baada ya chakula. Na chakula kilikuwepo! Nyama ya mbuzi, mandazi, samaki wa ziwa. Nilinenepa. Siku ya kumi na tatu alikubali, akanipa ufunguo wa depo, na nikauweka kwenye soksi, nikangoja magari huku nikitunga wimbo wa safari ambao Swala wangeuimba njiani. Beti tatu. Bado ninazijua, na sitaziandika hapa.

Niliporudi Bunia nilikuta lokali wazi, sufuria imepinduliwa, bendera ya Tai na ya Tembo ziko ukutani, ya Swala haipo. Fidele alikuja kunilaki mlangoni. Alivaa mabuti mapya. Nitasema yote: nilimsifu. Nilimwambia, "Mabuti ya nguvu, kaka." Alinipa mkono wa kushoto, akanikalisha kwenye tofali, na ndipo akanipa ile hadithi ya ndege, taratibu, na mvua yake na ngazi zake na Mzungu wake. Alisema yeye mwenyewe aliwapeleka uwanjani. Nafasi zilikuwa saba tu. Nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu ndege nyeupe zikichukua watu mwaka ule, kwa nini zisichukue Swala? Nililia kwa furaha kwenye bega lake.

"Na filimbi?" nikamuuliza.

"Niliwapatia waende nayo. Kumbukumbu ya nyumbani."

Nilimkumbatia tena kwa hilo. Kwa wiki mbili mji wote ulikuwa na habari ya ndege, maana redio yake nilikuwa mimi. Riziki hakuwapo. Alisema kwa watu anaenda upande wa Fataki kumuona shangazi, akaondoka na Mama Neema kwa miguu, wakati ambapo hakuna mtu mwenye akili aliyekwenda upande wa Fataki. Walirudi wamekonda, viganja vyao vimejaa malengelenge yaliyopasuka. Nikamuuliza Riziki, akasema walikuwa wanalima. Nikamtania: shangazi gani huyo, anakutumikisha hata wakati wa vita? Akafungua mdomo. Kwenye barabara gari la Fidele lilikuwa linapita, Komanda Fidele sasa, vijana wenye bunduki nyuma, na Riziki akaufunga mdomo wake.

Vita vikaisha kwa namna vilivyoisha. Waliokuwa makomanda wakavaa suti, na Fidele akawa Papa Fidele wa kamati hii na ile, wa kiti cha mbele kanisani. Nami nikawa msimulizi wa Canada. Hili ndilo linaloniamsha asubuhi siku hizi nikiwa nimeuma meno: niliwasimulia wao. Mama zao. Nilimkuta Mama Neema kwenye arusi, nikapaza sauti meza nzima isikie, "Mama ya polisi wa farasi!" Watu wakapiga makofi. Naye aliweka sahani chini, akajipangusa ile mikono yake, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Anavaaka kofia ya baridi?" Nikamwambia anavaa, ya manyoya, inafunika masikio. "Ni vizuri," akasema. "Masikio yake ilikuwa inaumaka." Mwaka mwingine aliniuliza jina la farasi. Nilimpa jina. Alilirudia mara mbili ili asilisahau.

Basi, matangani. Jeneza lilikuwa chini ya turubai la bluu, maua ya plastiki, bendi ya parokia. Juu ya jeneza walitandaza fulari, na juu ya fulari waliweka kimto chekundu, na mwongozaji akatangaza kwamba sasa Shefu Kasereka atatoa ushuhuda. Nikasogea na kurasa zangu. Ili kufika kwenye kipaza sauti ilinibidi nipite karibu na kimto. Juu yake palikuwa na filimbi ya chuma. Ubavuni ilikuwa na bonde dogo.

Mwanaye mkubwa aliona naitazama. "Papa aliificha mu kabati miaka yote," akaninong'oneza kwa fahari. "Alisema tumuzike nayo."

Sikwenda kwenye kipaza sauti. Nilipita watu, nikipigana na magoti yao, mpaka kiti cha mwisho kabisa pembeni ya lango, alikokaa Riziki, bibi sasa, miwani, mkoba mapajani. Mwongozaji aliita jina langu tena.

"Riziki. Ile filimbi ilienda Canada."

"Ikale chini, Kase."

"Alisema aliwapatia. Mbona iko pale? Na weye, unafanya nini hapa kama wamama wote wamekataa kuja?"

"Nimekuja kuona kama amekufa kweli." Alivua miwani, akaiweka ndani ya mkoba, akaufunga. Hakupandisha sauti. "Hapana mutu alipanda ndege. Fidele alipiga filimbi asubuhi, siku ya nne ya safari yako. Wamama wakafungua milango, vile uliwaambia. Wale Tai na Tembo walichelewa. Swala walifika wa kwanza, wote saba, na fulari. Kamio ya wale wa mabuti mapya ilikuwa inangoja nyuma ya kanisa, ikawabeba. Walikufa ku barabara ya Fataki, hawakumaliza hata wiki. Miye na Mama Neema tuliwazika kwa mikono na jembe moja. Wamama wote wanajua tangu siku ile. Tulikuficha kwanza juu ya kuogopa ungeenda kwake na angekuua. Nyuma ya pale, wamama walikuacha useme ile hadithi ya ndege, juu ya vile ulikuwa unayisema muzuri."